Siku ya familia kuteleza kwa skii mlimani: mwongozo kamili, kuanzia viatu hadi mteremko wa mwisho

Anayekwenda kuteleza kwa skii (mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni) kwa mara ya kwanza huwa na hofu ya kuanguka. Lakini kwenye mteremko mpole uliosawazishwa na mashine, kuanguka ni jambo dogo, na watoto huinuka wakicheka. Siku huharibika kwa sababu nyingine: kiatu kinachobana, vidole vilivyokufa ganzi, lifti (mtambo unaopandisha watu mlimani) iliyopandwa kabla mtoto hajajua kusimama, na mtu mzima anayeomba "mara moja tu ya mwisho" ilhali miguu ya wenzake imekwisha nguvu. Mambo hayo yote yanazuilika, tena kwa kazi ndogo inayofanyika mapema.

Shika kanuni moja tangu mwanzo: siku ipangwe kwa kipimo cha yule mdogo au mwoga kuliko wote. Mkipanga kwa kipimo cha aliye hodari, saa sita mchana mtakuwa mmekaa kwenye theluji na mtoto analia.

Kabla ya siku yenyewe

Usichague kituo cha skii kwa wingi wa miteremko yake. Angalia kama kina uwanja wa wanaoanza uliotengwa kando na njia za wenye kasi, wenye zulia linalotembea (mkanda mpana unaompandisha mtu akiwa amesimama juu yake) na mteremko unaoishia kwenye tambarare, ili asiyejua kusimama asimame mwenyewe. Uwanja wa namna hiyo ukikosekana, tafuta kituo kingine.

Agiza mapema somo la asubuhi lenye muda wa saa mbili kwa kila asiyejua, watu wazima wakiwemo. Watoto wengi huanza kufundishika wakiwa na miaka mitatu au minne. Chini ya hapo wanahitaji koleo dogo la kuchezea theluji na sehemu ya kujipasha joto. Mzazi anayejua skii asijifanye mwalimu siku ya kwanza. Mtoto humbishia mzazi wake jambo ambalo angelikubali mara moja kwa mwalimu, na mke au mume hali kadhalika.

Soma utabiri wa hewa wa kileleni, si wa kijijini. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo chini kukiwa na nyuzi 0, juu kunaweza kuwa na nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri. Upepo huongeza makali: nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa na ngozi kama nyuzi 21 chini ya sifuri. Siku kama hiyo ahirisheni, au mbaki chini penye miti.

Hakikisheni pia bima yenu inagharamia uokoaji mlimani, wa helikopta ukiwemo.

Kuhusu mavazi, fuata tabaka tatu. Ya ndani iwe ya sufu au kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. Pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi mwilini hadi jioni. Ya kati iwe nzito na laini. Ya nje izuie maji na upepo. Mtoto avae glavu za mfuko, zile zinazoweka vidole vinne pamoja, kwa kuwa vidole hupeana joto. Badala ya skafu tumieni shingo ya kitambaa isiyo na ncha zinazoning'inia, maana skafu hunaswa kwenye lifti. Bebeni jozi ya pili ya glavu na soksi kwa kila mtoto. Zitatumika.

Viatu: hapa msiharakishe

Kiatu cha skii ni kigumu kama ndoo, na ndicho kinachopeleka amri ya mguu kwenye skii. Kikiwa kikubwa, mguu hugeuka ndani yake na skii inabaki ilipo. Ndiyo maana kumnunulia mtoto kiatu cha "atakikulia" ni kosa: kisigino kinapanda, anakunja vidole ili ajishike, damu inakwama na baridi inaingia.

Saizi yake ni urefu wa wayo kwa sentimita. Simama ukiegemeza kisigino ukutani, pima hadi ncha ya kidole kirefu, na utumie mguu mrefu kati ya miwili. Fahamu kwamba kwa kawaida saizi kamili na nusu yake, tuseme 25 na 25.5, hutumia ganda lile lile la nje, hivyo kuomba nusu saizi zaidi mara nyingi hakubadilishi kitu.

Jaribu hivi kabla ya kukubali kiatu cha kukodi. Toa kiatu laini cha ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu hadi vidole viguse mbele kidogo, kisha angalia nafasi nyuma ya kisigino. Sentimita moja na nusu hadi mbili inatosha. Zaidi ya hapo ni kikubwa. Rudisha cha ndani, vaa, funga. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kusukuma ugoko mbele, vidole virudi nyuma na kuwa huru. Watu wengi hukijaribu wakiwa wamesimama wima tu, wanahisi vidole vimegusa, wanaomba kikubwa, na hapo ndipo taabu yao inapoanzia.

Soksi ni jozi moja, nyembamba, inayofika chini ya goti. Jozi mbili huleta mikunjo na kubana mishipa, na mguu unapoa kuliko ungekuwa na moja. Hakuna kingine kinachoingia ndani ya kiatu: suruali ya ndani iishie juu yake, na ukingo wa suruali ya nje ushuke juu ya kiatu kwa nje. Soksi mliyosafiri nayo imeshalowa jasho hata kama huhisi, kwa hiyo badilisheni mkifika.

Kuvaa kuna utaratibu wake. Fungua bizimu zote, vuta ulimi mbele na nje, sukuma mguu hadi chini, kisha piga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kikae kwenye shimo lake. Kunja goti mbele. Funga kwanza bizimu ya pili kutoka juu, ndiyo inayorudisha kisigino nyuma, kisha ya juu kabisa, kisha mkanda wa ugokoni. Zile za juu ya vidole zishikwe tu, zisikazwe. Baada ya kuteleza mara mbili tatu kiatu hulegea. Kaza tundu moja. Mkiwa mmekaa kupumzika, fungueni zote ili damu ipite.

Ugoko ukiuma, kwa kawaida bizimu za juu zimelegea na mguu unagongagonga. Unyayo ukikakamaa, zile za chini zimekazwa mno.

Skii, vifungio na helmeti

Kwa anayeanza, skii ikisimamishwa wima ifike kati ya kifua na kidevu. Fupi ni rahisi kugeuza. Fimbo hazihitajiki saa za kwanza, na kwa mtoto mdogo hazihitajiki kabisa: anazitegemea badala ya miguu, au anamchoma jirani.

Kifungio ndicho kinachoshika kiatu kwenye skii, na ndicho kinachopaswa kukiachia unapoanguka. Mbele huachia kwa upande, nyuma huachia kwa kwenda juu. Nguvu ya kuachia hupangwa na fundi kwa kufuata uzito, urefu, umri, kiwango cha mtelezaji na urefu wa soli ya kiatu. Semeni ukweli. Anayepunguza uzito wake kwa aibu huachiwa na skii katikati ya mteremko, na anayejisifu kuwa hodari huweza kuanguka skii isiachie, goti likabeba msokoto wote. Kwa sababu hiyo hiyo, watoto wasibadilishane skii bila kurudi kwa fundi.

Helmeti ikae sawa, ikiacha upana wa vidole viwili tu juu ya nyusi, na isicheze mtoto akitikisa kichwa. Miwani iguse ukingo wa helmeti bila pengo. Lenzi za jua kali na za mawingu ni tofauti: daraja la 3 kwa jua, la 1 kwa siku ya mawingu mazito, ambapo theluji yote huonekana nyeupe tupu na mashimo hayaonekani. Msiache miwani wala krimu ya jua hata kukiwa na mawingu. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na miale yenyewe huongezeka kadiri mnavyopanda. Pakeni chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua pia, kwa kuwa miale inatoka chini, na mrudie kila baada ya saa mbili.

Asubuhi njiani

Gari liwe na matairi ya majira ya baridi, na minyororo iwe ndani hata kama utabiri ni mzuri. Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini. Jaribu kuifunga nyumbani, mchana, pakiwa pakavu. Kujifunza gizani na vidole vya baridi kunawashinda wengi. Ukishaifunga usizidishe kilomita 50 kwa saa, au chini ya hapo kama maelezo yake yanavyosema. Viatu vya skii visafiri ndani mnamokaa watu, kwa maana plastiki ikipoa hukakamaa na mtoto haingizi mguu. Dereva asiendeshe akiwa amevivaa.

Lifti nyingi hufunguliwa karibu saa tatu asubuhi. Fikeni saa moja kabla. Kukodi vifaa, choo, krimu na kupata tiketi humaliza saa hiyo yote.

Kabla ya kuachana, chagueni pahali pa kukutania panapotajika kwa jina, mfano chini ya lifti fulani. Andika namba ya simu ya mzazi ndani ya helmeti ya mtoto. Simu zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi humaliza betri ghafla.

Saa ya kwanza kwenye theluji

Anzeni kwenye tambarare, na skii moja tu mguuni. Kabla ya kukanyaga kifungio, kwangua theluji chini ya kiatu. Donge dogo tu huzuia kifungio kufunga sawasawa, na skii itachomoka mtakapoanza kugeuka. Ingiza ncha ya kiatu kwanza, kisha kanyaga kisigino hadi usikie mlio wa kufunga. Jisukumeni kwa mguu ulio huru, mkizunguka kulia na kushoto, kisha badilisheni. Penye mteremko, skii zote zilale kukatiza mteremko, na ya upande wa chini ivaliwe kwanza.

Kisha msimamo. Ugoko ulale kwenye ulimi wa kiatu, magoti yakunjwe, mikono iwe mbele kama aliyebeba sinia. Mwili unataka kurudi nyuma kwa hofu, na kosa hilo huzaa mengine yote: uzito ukienda kisiginoni, ncha za mbele huwa nyepesi, skii hazigeuki wala hazipungui mwendo, na unazidi kuogopa.

Pandeni mita tano hadi kumi kwa hatua za ubavu, kama mtu anayepanda ngazi kiubavu, mkishika theluji kwa kingo za chuma. Telezeni moja kwa moja hadi tambarare iwasimamishe. Rudieni mpaka mtoto aache kutazama miguu yake.

Ndipo ije kabari. Sukuma mikia ya skii nje huku ncha za mbele zikibaki karibu, kama upana wa kiganja. Kabari ikipanuka mwendo unapungua, ikibanwa unaongezeka. Skii zikipandana mbele, karibu kila mara magoti yamegusana. Mwambie mtoto aweke mpira wa kufikirika katikati yake. Asipande zulia mpaka aweze kusimama mahali ulipomwonyesha, mara tatu mfululizo.

Kugeuka hufuata kwa urahisi. Ndani ya kabari ile ile, kandamiza mguu wa kushoto na utakwenda kulia. Kandamiza wa kulia, utakwenda kushoto. Skii ya nje ya mzunguko ndiyo inayobeba uzito. Macho yatazame unakokwenda. Ukihisi mwendo umezidi, endelea kugeuka hadi uelekee juu ya mteremko nawe utasimama.

Fundisheni pia kuanguka: kwa ubavu, juu ya nyonga, na usijaribu kuinuka ungali unateleza, kwa sababu ndivyo magoti yanavyoumia. Ukishatulia, weka skii upande wa chini wa mteremko, sambamba, zikikatiza, zivute karibu na makalio, jisukume kwa mkono. Ikishindikana, vua skii ya juu.

Tunashauri msimshike mtoto katikati ya miguu yenu mkishuka naye. Huegemea nyuma na hajifunzi kitu, na mkianguka uzito wenu unamwangukia.

Lifti

Lifti ya viti inawatisha wengi, na wanaoumia huumia hasa wakati wa kukaa na wa kushuka. Katika vituo vingi vya Ulaya mtoto aliye chini ya mita 1.25 hapandi bila mtu mzima. Mtoto akae upande wa mtumishi wa lifti ili ainuliwe, na pembeni yake awe mtu mzima mmoja; usipande na watoto wawili wadogo peke yako. Toeni mikono kwenye kamba za fimbo, begi la mgongoni lije kifuani, kamba na mikanda inayoning'inia ifichwe. Songeni hadi mstari, tazameni nyuma kwa bega, kaeni hadi mgongo uguse, kisha shusheni kizuizi (chuma cha usalama cha kiti) mara moja.

Mtoto asipokaa sawa, piga kelele lifti isimamishwe, tena mapema, kiti kikiwa bado karibu na ardhi. Akiondoka peke yake, mwambie atulie nyuma ya kiti na amsubiri mtumishi juu. Mkikaribia kushuka, alama itaonyesha mahali pa kuinua kizuizi. Inueni ncha za skii, simameni zinapogusa, na nendeni moja kwa moja bila kugeuka hadi muwe mbali na viti. Aliyeanguka pale atambae kando haraka.

Lifti ya kuburuta haikaliwi. Unasimama, inakuvuta kwenye nyonga. Anayekaa huenda chini nayo. Ukianguka, achia na utoke kwenye njia mara moja.

Mteremko wa kweli

Ulaya, bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati na nyeusi ni ngumu. Baadhi ya nchi zina kijani kabla ya bluu. Amerika ya Kaskazini, duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu. Rangi hulinganisha miteremko ya kituo kile kile. Bluu ya huku inaweza kuwa kali kama nyekundu ya kule, na barafu ya asubuhi huibadilisha zaidi.

Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lilitoa kanuni zake za mwenendo mwaka 1967, nazo ni kumi. Mtoto ajue tatu. Aliye mbele yako ana haki, hivyo wewe wa nyuma ndiye unayemkwepa. Simama ukingoni mwa njia, kamwe si chini ya kilima panapokuficha. Tazama juu kabla ya kuondoka. Watu wazima wakumbuke na hii: mkigongana na mtu, mnabaki, mnasaidia, mnatambulishana.

Mtu mzima mmoja aongoze kwa mizunguko mipana na ya polepole, watoto wafuate, wa pili awe mwisho. Mtoto akianguka, huyu wa mwisho asimame juu yake kidogo awakinge na wanaokuja. Msitoke nje ya alama za njia hata kama mnaona nyayo za wengine. Nje ya alama hakuna aliyekagua hatari ya maporomoko ya theluji.

Kuleni mapema, karibu saa tano na nusu, kabla foleni hazijajaa. Kunyweni maji hata bila kiu. Kila lifti, tazamaneni nyuso: doa jeupe shavuni au puani ni baridi inayoanza kuua ngozi. Lifunike kwa kiganja chenye joto na muingie ndani; msilisugue, wala msipake theluji. Mkiwa juu ya mita 2,500 na mtu akaumwa kichwa na kichefuchefu, shukeni.

Alasiri theluji ya chini huwa nzito na yenye mafungu. Skii hukwama, miguu imechoka, na ndipo magoti husokotwa. Kwa familia yenye watoto, saa nane na nusu inatosha. Dalili ya kusimama ni mtoto hodari kuanguka mara mbili mahali ambapo asubuhi alipita. Kama mmevuka kwenda bonde jingine, jueni saa ya lifti ya mwisho ya kurudi, kwa maana kuikosa ni safari ndefu ya barabara.

Mtu akiumia

Chomekeni skii mbili zikipishana kama herufi X mita kadhaa juu ya majeruhi, kisha pigeni namba ya waokoaji iliyo kwenye ramani ya kituo. Semeni jina la njia, namba iliyo kwenye nguzo ya alama iliyo karibu, na palipoumia. Msimvue kiatu mguu ukiwa umevunjika, kwa kuwa kinaushikilia, wala helmeti. Mtandikieni na mumfunike, kwani theluji hunyonya joto haraka. Aliyegonga kichwa amemaliza siku yake hata akisema yuko sawa; akitapika, akisinzia au akichanganya maneno, ni hospitali.

Mkirudi

Futeni kingo za chuma kwa kitambaa kikavu zisishike kutu. Toeni viatu vya ndani kwenye maganda vikauke usiku kucha kwenye hewa ya kawaida, mbali na moto na hita, kwa sababu joto kali huviharibu umbo. Vikikauka, virudisheni na mfunge bizimu kwa kulegea, la sivyo ganda hupanuka na kesho halitafunga vizuri.